Chakula Kabla ya Gari

Watu wa Lezha, mji wetu wa Waalbania, walipotaka kununua gari lililotumika, hawakuanza kwa kutafuta gari. Walianza kwa kumtafuta Pashku Lleshi. Pashku hakuwa fundi, wala hakuwa mfanyabiashara. Alikuwa dereva mstaafu wa malori, mtu mfupi mwenye masharubu ya kijivu, ambaye kila asubuhi aliketi kwenye meza ileile ya mkahawa ulio kando ya daraja. Kilichowafanya watu wamtafute ni mkono wake wa kulia.

Mkono huo aliusomesha kwa miaka ishirini na miwili. Zamani, magari yote yalipokuwa mali ya serikali na raia hana ruhusa ya kumiliki hata gari bovu, Pashku aliendesha malori ya Kichina yaliyoshusha mawe ya shaba kutoka milimani. Malori yale hayakuwa na huruma na dereva. Gia haikuingia mpaka ukanyage klachi mara mbili na kuupatanisha mwendo wa injini na mwendo wa magurudumu kwa hisia tu. Aliyekosea alisikia chuma kikisaga chuma, na mwisho wa mwezi akaitwa ofisini. Hapo ndipo Pashku alipojifunza kukisikiliza kirungu cha gia kwa kiganja. Chuma kilichochoka, alikuwa akisema, hutetemeka tofauti na chuma kizima, na tofauti hiyo hupanda kupitia kirungu mpaka kwenye vidole kabla sikio halijaambulia chochote.

Mipaka ilipofunguliwa, na vijana wakaanza kurudi kutoka Ujerumani na Italia wakiendesha Mabenzi yaliyokwisha kuzunguka nusu ya Ulaya, mkono huo ulipata kazi mpya. Kwetu gari la heshima ni Benzi, na Benzi la kweli ni lile la gia za mkono. Otomatiki tunawaachia madaktari wa meno. Mtu anayeshuka kutoka Puka, kule milimani, hulizuia gari kwa gia, si kwa breki. Na gia za mkono zikiharibika, hata fundi wa kijijini anaweza kuzifungua juu ya gunia. Kwa hiyo kila Jumapili, katika uwanja wa matope ambako zamani waliuza ng'ombe na siku hizi wanauza magari, ungemwona Pashku akivutwa mkono na mtu huyu, kisha na yule.

Utaratibu wake ulikuwa mmoja. Alitaka injini iwe baridi. Alilala chini ya gari na tochi. Kisha aliketi kando ya dereva, akaweka kiganja juu ya kirungu bila kukibana, akafumba macho. Gia ya pili, ya tatu, achia mafuta, ya tatu tena. Mwishowe alitamka neno moja tu, "Chukua" au "Acha," na malipo yake yalikuwa kikombe cha kahawa. Sharti lake pia lilikuwa moja: gari kwanza, nyumba baadaye. Hakukanyaga kizingiti cha muuzaji kabla ya kumaliza ukaguzi, hata mvua inyeshe namna gani. Mtu aliyekwisha kula mkate na chumvi ya mwenyeji atapata wapi uso wa kujipenyeza chini ya gari la mwenyeji huyo na tochi, kana kwamba anamsaka mwizi?

Katika majira ya baridi ya mwaka 2002, Drania, mke wake, aliingia jikoni akakutana na harufu ya nyama inayoungua. Hakukuwa na nyama. Pashku alikuwa amesimama kando ya stovu ya kuni akisoma gazeti, na mkono wake wa kulia ulikuwa umetua juu ya chuma.

"Pashku! Mkono! Toa mkono!"

Akautazama mkono wake kama mtu anayeonyeshwa kofia aliyoisahau mahali.

Daktari wa Shkodra alieleza kwamba ni sukari, na kwamba imekula mishipa ya fahamu ya vidole. Alimpa vidonge na kumkataza peremende. Kuhusu hisia zilizopotea, alisema kwa upole kwamba haziwezi kurudi.

Pashku hakumwambia mtu. Sitaki kumhukumu kwa hilo. Mtu ambaye mji mzima unamjua kwa kiungo kimoja cha mwili wake hupata taabu kutangaza kwamba kiungo hicho kimekufa. Alianza kuvaa glavu hata siku zisizo na baridi. Walipomwita uwanjani, alisingizia mgongo. Mara mbili hakupata pa kukimbilia, akafumba macho, akaegemea masikio peke yake, akasema "Chukua." Magari yote mawili yalitokea kuwa mazima. Bahati hiyo ilimdhuru kuliko ambavyo kosa lingemdhuru, kwa sababu ilimfundisha kwamba inawezekana kuendelea.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2004, Ndou Gega aliingia mkahawani akavuta kiti.

"Kumbari! Bado hujafa tu?"

"Nakungoja wewe utangulie, ukanishikie nafasi."

Waliitana kumbari kwa haki. Pashku ndiye aliyemkata nywele za kwanza mwana wa kwanza wa Ndou, na kwetu tendo hilo huzifunga nyumba mbili kuliko damu. Watoto wa nyumba hizo hawaoani. Ndou alikuwa na umri wa miaka hamsini, mkubwa wa mabega, na kucha zake zilikuwa na chokaa isiyotoka. Alikuwa ametoka Ugiriki, alikopiga lipu nyumba za watu na kuchuma zeituni zao kwa miaka kumi na moja, na safari hii alikuwa amerudi moja kwa moja. Alitaka gari moja zuri la kubeba abiria wa uwanja wa ndege.

"Nimelipata," alisema, akishusha sauti ingawa hakuna aliyekuwa akisikiliza. "Benzi jeusi, dizeli, gia tano za mkono, viti vya ngozi. Liko juu, karibu na Puka, kwa mzee anaitwa Deda. Mwanawe alilileta kutoka Ujerumani."

"Pale karibu na kituo cha mafuta kuna gereji," Pashku alijibu. "Wana mashine. Wanachomeka waya, inasema kila kitu."

"Mashine ndiyo iliyomkata nywele mwanangu?"

"Mgongo unanisumbua, Ndou."

"Utaketi kwenye ngozi, siyo kwenye gunia la viazi. Sikiliza, kumbari. Mimi najua kuchanganya saruji, basi. Miaka kumi na moja yote imo humu." Aligonga mfuko wa ndani wa koti. "Ukisema chukua, nachukua. Ukisema acha, naacha, nakunywa raki yangu, nalala. Nimekosea wapi?"

Hakuwa amekosea popote. Pashku akakubali.

Nyumbani, Drania alimsikiliza mpaka mwisho huku akimenya vitunguu.

"Utamwambia," alisema.

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Njiani."

"Njiani ni mbali. Mwambie hapahapa kwenye ngazi, kabla hajafungua mlango wa gari. Yule siyo mtu wa uwanjani, Pashku. Yule ni kumbari wako."

Lakini asubuhi ya safari, Ndou hakuja peke yake. Alikuja na binamu yake mwenye gari dogo la mizigo, aliyekuwa akielekea Kukësi na ambaye angewashusha kwa mzee Deda. Pashku hakutaka kusema neno lile mbele ya mtu wa tatu; ndivyo alivyojieleza moyoni. Mvua ilikuwa ikinyesha. Walipanda mlima, kona baada ya kona, na Ndou akawa anazungumza kama mtu aliyenyimwa mazungumzo kwa muda mrefu.

"Unajua kule nilikuwa nalala na nani, kumbari? Na nyanya. Banda la nyanya, miaka miwili. Usiku natoka jasho kama nyanya."

"Ndiyo maana umekuwa mwekundu," binamu alidakia.

"Cheka, cheka. Miaka yote hiyo jina langu lilikuwa 'wewe Mwalbania'. Wewe Mwalbania, leta ndoo. Sasa nataka niegemee Benzi langu pale uwanja wa ndege, shati limepigwa pasi, mtu atoke na sanduku lake aniambie 'bwana'. Bwana, unakwenda Shkodra? Basi. Sitaki zaidi ya hapo."

"Ndou," alianza Pashku, "kuna jambo..."

"Niambie."

Pashku alimtazama binamu, akatazama mvua. "Klachi ya gari hili inateleza," alisema.

"Hata mimi inaniteleza!" binamu akacheka.

Ilikuwa tarehe ishirini na sita, siku ya Mtakatifu Mitri, na hakuna hata mmoja wao aliyekumbuka. Walipofika, mzee Deda alikuwa amesimama langoni na mwavuli, mtu wa miaka sabini na zaidi, amevaa fulana nyeupe ya sufi na koti jipya. Nyuma yake nyumba nzima ilinukia kondoo wa kuchoma. Kando, chini ya banda la mabati, Benzi lilikuwa limeoshwa likang'aa kama kiatu cha harusi.

"Karibuni, karibuni!" alisema Deda. "Leo ni siku ya mtakatifu wa nyumba hii. Mungu mwenyewe amewaleta. Ingieni kabla nyama haijapoa."

Binamu aliomba radhi akaendelea na safari yake. Ndou alisimama kwenye mvua akimtazama Pashku, akisubiri. Kila mtu wa Lezha alijua maneno ambayo yangefuata: ahsante sana, mzee, tuanze na gari. Maneno hayo Pashku alikuwa ameyasema kwenye malango mia moja, na hakuna mwenyeji aliyewahi kuyakasirikia, kwa kuwa yalisemwa nje ya kizingiti.

Pashku alilitazama gari. Mfukoni alikuwa na tochi, na katika mfuko wa turubai jeki. Akafikiri kwamba wakila kwanza, hakuna atakayemtarajia alale chini. Baada ya chakula patakuwa na mzunguko mfupi tu wa barabarani, wa adabu, na mkono wake hautaulizwa sana.

"Si vizuri kuiacha nyama ipoe," alisema.

"Kumbari?" Ndou alimnong'oneza. "Gari kwanza, au siyo?"

"Leo ni sikukuu yao."

Wakaingia. Pashku mwenyewe ndiye aliyenisimulia jambo hili, zaidi ya mara moja, na kila mara alikataa niliite kosa. Mtu hukosea asipojua, alisema. Yeye alijua.

Mezani waliketishwa mahali pa juu. Wakamwana wawili wa Deda walileta mkate wa mahindi, jibini, pilipili za siki, karanga za msituni zilizochomwa, na raki, pombe kali ya zabibu za nyumba hiyo. Deda aliinua gilasi kwa mtakatifu, kwa wageni, kwa mwanawe aliye Ujerumani, kisha kwa gari.

"Gari hili, wageni wangu, ni bibi harusi. Halijabeba hata gunia la mahindi. Mimi naliendesha kwenda kanisani na kurudi."

"Kanisa liko mbali?" Ndou aliuliza.

"Pale, unaliona. Ukirusha jiwe, linafika."

Wote walicheka, na Ndou alicheka kuliko wote.

Pashku aliomba kwenda kunawa mikono. Bomba lilikuwa nyuma ya nyumba, karibu na ghala la mahindi, na kando ya ghala, chini ya karatasi ya nailoni, kulikuwa na tela ya magurudumu mawili. Nailoni ilikuwa fupi. Magome mabichi ya msonobari yalikuwa yamenasa kwenye mbao zake, na mdomo wa chuma ambao hushika ndoano ya gari ulikuwa umesuguliwa mpaka ukawa mweupe. Alizunguka bandani. Chini ya bampa ya nyuma ya Benzi palikuwa na kipande cha rangi nyeusi iliyo mpya kuliko rangi nyingine, na chini ya rangi hiyo matundu manne yaliyozibwa, mahali ilipokuwa imefungwa ndoano ya kuvutia tela. Bibi harusi alikuwa amevuta magogo kupanda mlima, na huenda kwa miaka kadhaa. Hakuna giaboksi inayosahau kazi ya namna hiyo.

Aliporudi mezani, alikuta kichwa cha kondoo kimewekwa mbele ya sahani yake. Ni heshima ambayo nyumba humpa mgeni mmoja tu.

"Kula, mzee," Deda alimwambia kwa furaha ya kweli. "Habari zako zimefika mpaka huku juu. Nilipoambiwa unakuja wewe, nikasema, basi, huyu ataliona gari langu vile lilivyo."

Pashku alikula. Angeweza kusema nini? Kwamba ameona tela? Ndani ya nyumba, siku ya mtakatifu wake, mbele ya wakamwana wake, amwambie mtu aliyemkatia kichwa cha kondoo kuwa ni mwongo? Mambo ambayo langoni yangekuwa maswali ya kawaida ya mnunuzi, mezani yalikuwa yamegeuka matusi. Ndou, aliyekuwa akitafuna kwa raha, hakujua kwamba mlango ule ulikuwa umekwisha kufungwa na kwamba aliyeufunga ni kumbari wake.

Baada ya kahawa walitoka kulijaribu gari. Ndou alishika usukani, Pashku akaketi kando yake, Deda akaketi nyuma akiendelea na habari za mwanawe. Mvua ilipiga paa. Pashku aliweka kiganja juu ya kirungu cha gia, na ilikuwa kama ameweka glavu tupu. Gia ya pili. Ya tatu. Ndou aliachia mafuta jinsi alivyofundishwa, akasubiri. Pashku alifumba macho kwa mazoea, halafu akaona haya kwa kuyafumba. Masikioni aliambulia mvua, tairi kwenye maji, na Deda akieleza bei ya nyumba huko Ujerumani.

Walirudi chini ya banda. Ndou akazima injini, wote watatu wakashuka. Dirishani wanawake wa nyumba walikuwa wamesogeza pazia.

"Haya," alisema Deda, akautoa mkono.

Ndou naye akautoa wake, lakini hakuushika wa Deda bado. Kwetu biashara hufungwa namna hii, iwe ya ng'ombe au ya gari: wawili hushikana mikono, wa tatu huweka mkono wake juu ya mikono hiyo na kuitikisa mara tatu, na tangu hapo yeye ndiye mdhamini wa neno lao.

"Eh, kumbari?" Ndou aliuliza. "Chukua au acha?"

Pashku aliutazama uso wa mtu huyo, akaona banda la nyanya.

"Ndou," alisema. "Mzee Deda. Mkono wangu hausikii. Umekufa, huu ni mwaka wa pili. Siwezi kusema chukua na siwezi kusema acha. Juu ya gari sisemi neno. Kasoro ni yangu mimi."

Alikuwa amelitafuta jambo la kusema ambalo lingemwokoa Ndou bila kumtukana mwenyeji, na alikuwa amelipata kwa kujivua nguo mbele ya mtu asiyemjua. Kisha mzee Deda akapiga paja lake, akaangua kicheko.

"Aa! Jamani! Nimeuza ng'ombe miaka hamsini, nimeuza nyumbu, hii sijapata kuisikia! Mwingine atasema rangi imepauka, mwingine tairi zimekwisha. Huyu anasema mkono umekufa! Haya, mzee, umeshinda. Napunguza yuro mia mbili. Umekufa bado?"

Ndou alikuwa amekodoa macho. Sasa uso wake ulifunguka polepole, akamkonyeza Pashku.

"Umekufa kabisa, mzee," alisema. "Hata mazishi tumeshafanya, wewe tu ndiye hukualikwa."

"Mia tatu basi, na ufufuke!"

"Ndou, sikiliza, sitanii..."

"Najua, kumbari, najua, hutanii!" Ndou alikuwa anacheka mpaka machozi. Mikono miwili ilishikana, na mzee Deda, kwa mkono wake wa kushoto, akamshika Pashku kifundo cha mkono, akaubamiza ule mkono uliokufa juu ya mikono iliyo hai, akaitikisa yote. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Dirishani wanawake walipiga makofi.

Waliposhuka mlima katika Benzi, Ndou alikuwa akipiga mluzi.

"Wewe ni shetani, kumbari! Mkono umekufa! Ningekuwa nawe Ugiriki, leo ningekuwa na hoteli."

Pashku alibonyeza kiwashio cha sigara kilicho chini ya redio, akangoja mpaka kikaruka chenyewe, akakichomoa. Kilikuwa chekundu. Akaweka ncha ya kidole cha shahada ndani yake, akaiacha hapo, huku akimtazama Ndou usoni.

"Unafanya nini? Wee! Acha! Unaungua!"

"Naungua? Mimi sijui. Niambie wewe."

Ndou alikanyaga breki, gari likasimama kando ya barabara na harufu ikajaa ndani. Alikipokonya kile kiwashio akakitupa nje kwenye mvua. Akakitazama kidole cha Pashku.

"Tangu lini?"

"Tangu baridi ya mwaka juzi."

"Na leo asubuhi ulijua."

"Nilijua."

Kisha Pashku alimweleza na habari ya tela, na matundu manne yaliyozibwa.

"Tela uliiona kabla ya kuketi mezani, au baada?"

"Baada."

"Na mkono ulijua kabla."

"Kabla."

Ndou alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayehakiki kipimo cha ukuta na kukuta kimepinda tangu msingi. "Ungeniambia kwenye ngazi yako," alisema, "ningekwenda na fundi. Ungeniambia langoni, ningekula nyama nikarudi na pesa zangu."

"Turudi sasa. Nitasema mimi."

"Tukaseme nini? Kwamba yule mzee ni mwongo, na mafuta ya kondoo wake bado yako kwenye midomo yetu? Nimeshampa mkono, kumbari. Na wewe umetia wa kwako juu."

Aliwasha gari. Kwenye mteremko wa kwanza mkali, gia ya pili ilichomoka yenyewe na Benzi likaanza kukimbia. Ndou aliwahi breki, akairudisha gia. Kona iliyofuata ikachomoka tena. Barabara ilikuwa na utelezi, na usukani ulihitaji mikono yake yote miwili.

"Shika hapo," alisema.

Pashku alikishika kirungu kwa mkono wa kulia, akakisukuma kwenye gia ya pili na kukibana. Kwa kuwa vidole havikumwambia kama bado vimeshika au vimelegea, ilimbidi avitazame. Aliinama juu ya mkono wake, macho hayabanduki, na hivyo ndivyo alivyoshuka milima yote ya Puka, bila kuiona barabara. Hawakuzungumza, ila maneno ya kazi.

"Pili."

"Nimeshika."

"Tatu. Achia."

"Nimeachia."

"Pili tena."

Jioni Drania alikipaka kidole dawa, akakata kitambaa.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Lini?"

Drania alimtazama kidogo, kisha akaendelea kufunga kitambaa, akakikaza zaidi ya ilivyohitajika, jambo ambalo mumewe hakuweza kulisikia.

Giaboksi ilidumu siku kumi na tatu. Ilivunjika kwenye barabara ya uwanja wa ndege, na abiria watatu ndani, mmoja wao akilia kwamba ndege itamwacha. Fundi alipoifungua alimwaga oili iliyojaa vipande vya chuma. Giaboksi nyingine ingepatikana, lakini fedha za kuinunulia Ndou hakuwa nazo tena, na huko Ugiriki zeituni zilikuwa tayari kuchumwa.

Pashku alikwenda kumsindikiza kwenye basi. Alikuwa na bahasha ya fedha. Ndou aliichukua, akaipima mkononi bila kuifungua, akairudisha katika mfuko wa koti la Pashku na kuupigapiga mfuko huo ukalala vizuri.

"Mwaka wa kumi na mbili," alisema. "Nilifikiri nimemaliza kuhesabu."

"Ndou..."

"Shika hizi." Zilikuwa funguo za Benzi. "Liko uwanjani kwangu, nimelifunika. Kila Jumapili liwashe robo saa, betri isife. Likae nyutro tu."

"Nitaliwasha."

"Robo saa kamili, kumbari. Usilizime mapema."

Akapanda basi, akatafuta kiti upande wa pili, usioonekana kutoka pale walipokuwa wamesimama.

Tangu hapo Pashku haendi tena kwenye uwanja wa magari. Wanaokuja kumtafuta mkahawani huambiwa kabla ya kuvuta kiti kwamba mkono hausikii. Habari za kwa mzee Deda zilitangulia kufika mjini, zikiwa na kicheko ndani yake, kwa hiyo wapo ambao humkonyeza na kumwomba aje autumie ujanja uleule kwa muuzaji wao. Hurudia maneno yake kwa utulivu mpaka waondoke.

Jumapili, baada ya misa, huenda uwanjani kwa Ndou. Mke wa Ndou humfungulia lango, humsalimu, hurudi ndani. Pashku hukunja turubai, huingia, huwasha injini. Injini ni nzima. Huitika mara ya kwanza. Mkono wake huenda wenyewe kwenye kirungu cha gia na kutua hapo kwa mazoea ya maisha yake yote. Kirungu hutetemeka, na mkono ulio juu yake hutetemeka nacho. Hayo huyaona kwa macho. Huangalia saa iliyo mbele ya usukani mpaka robo saa itimie, na dakika moja zaidi, kisha huzima.